Hospitali Haifungwi

Asubuhi ile ofisi ya manispaa ya Jebel Jelloud ilifurika mpaka nje, na kila mtu kwenye foleni alikuwa amekumbatia bahasha. Siku hizi hapa Tunis ukitaka kujua hali ya nchi, usihangaike na redio, nenda kasimame manispaa. Nusu ya watu wanagongesha mihuri kwenye nakala za vyeti ili waombe kazi ambazo hazipo. Nusu nyingine wanagongesha mihuri kwenye vyeti vya aina ileile ili waondoke. Karani ni yuleyule na muhuri ni uleule.

Wajdi Mejri alikuwa wa ile nusu ya kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu wa kuinama milangoni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake, na mkononi ana nakala kumi na mbili za cheti cha upimaji ardhi. Saa mbili alizosimama zilikuwa zimemmaliza nguvu. Ndipo sauti ya kike ikamjia kutoka nyuma.

"Kaka, samahani. Tunaomba umpishe baba. Miguu inamsumbua."

"Miguu hainisumbui," mzee aliyekuwa pembeni yake akasema. "Kinachonisumbua ni kuletwa hapa kila mwaka kuthibitisha kwamba sijafa, ndipo nilipwe pensheni."

Wajdi akageuka. Mzee alivaa kofia nyekundu ya sufu na koti zito, ingawa ilikuwa Juni. Binti yake alivaa gauni la kitani la rangi ya zabibu, nywele amezibana juu kwa penseli, na kwenye mkono wa gauni lake zilinata nyuzi tatu nne za dhahabu. Wajdi akaziangalia zile nyuzi kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Ni za kazini," binti akasema. "Natarizi nguo za maharusi. Zinanifuata mpaka nyumbani."

"Pita mbele yangu, ami," Wajdi akamwambia mzee. "Na wewe dada pita. Siwezi kumtenganisha mtu na baba yake."

Mzee Hamadi hakuwa mtu wa kushukuru. Alikuwa fundi wa injini za treni kwa miaka thelathini na minne kwenye karakana ya reli, na alizoea kuuliza maswali. "Hivyo vyeti vyote vya nini?"

"Vya kuombea kazi, ami. Mimi ni mpima ardhi."

"Unampimia nani?"

"Nilikuwa na kampuni. Imefungwa."

"Kwa hiyo hupimi kitu."

"Kwa sasa napima foleni. Kutoka mlangoni mpaka dirishani ni mita kumi na nne na nusu. Tumesogea mita tatu tangu saa mbili."

Binti akacheka, akaficha mdomo kwa bahasha. Walipofika dirishani karani akamtazama mzee, akaandika kwamba yu hai, akagonga muhuri. Wakati wanatoka, Wajdi akamkimbilia binti barazani na nakala moja mkononi.

"Dada, hii moja imezidi. Naomba unitunzie."

Nyuma ya ile nakala palikuwa na namba ya simu. Siku mbili baadaye simu ya Wajdi ikaita saa ya chakula cha mchana.

"Nina cheti chako hapa," sauti ikasema. "Kemia ulipata alama mbovu."

"Umesoma mpaka alama?"

"Nilitaka kujua naongea na nani. Naitwa Shiraz."

Basi yakaanza. Walikuwa wakikutana mchana Shiraz alipotoka kutarizi, wananunua mkate mmoja wa kukaanga wenye tuna na harisa, pilipili ya kusaga, wanaugawa mara mbili, na yeye Shiraz humpa nusu kubwa kisha humchokoza kwa maneno mpaka anairudisha. Alimwita Mita. Wajdi alimwita Uzi. Msichana alikuwa na ulimi mkali na moyo mwepesi, na kijana alikuwa mpole kupita kiasi, kiasi kwamba mtu ungetamani kumsukuma kidogo. Walipendana haraka, kama watu wasio na kitu kingine cha kungojea.

Mwezi wa Septemba Wajdi akaenda na mama yake nyumbani kwa Mzee Hamadi kuomba mkono. Mama Mbarka, mama yake Shiraz, akatoa kahawa na biskuti za unga wa dengu. Mzee alikaa chini ya saa ya ukutani aliyopewa na shirika la reli siku ya kustaafu. Saa ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kila Ijumaa alipanda kiti mwenyewe, akaitia ufunguo na kuilinganisha na redio, na ikikosea hata dakika moja hakuwa na raha siku nzima.

"Binti yangu sikunyimi," akasema. "Lakini nisikilize, mwanangu. Kampuni hufungwa. Viwanda tumeviona vikifungwa. Hoteli za pwani zote zimefungwa, watu wazima wanalia. Niambie umeona wapi hospitali imefungwa."

"Sijaona, ami."

"Kasomee uuguzi. Serikali itakuajiri, utakuwa na mshahara mpaka uzee. Tutasoma Fatiha ya uchumba siku utakayoandikishwa chuoni, na arusi siku utakayoajiriwa."

Nje, kwenye ngazi, Wajdi alikuwa amepauka. "Shiraz, mimi hata kuku sijawahi kuchinja. Damu siwezi kuitazama."

"Nani kakwambia uchinje wagonjwa?" Shiraz akamshika vidole. "Una mikono isiyotetemeka, Mita. Nimekuona ukimenya chungwa. Wewe nenda tu."

Hakutaka. Niseme wazi, hakutaka kabisa. Alipenda kuwa nje, na jua, na ile darubini yake ya kupimia ardhi, yenye miguu mitatu. Aliiuza darubini, mama yake akauza bangili, akaandikishwa kwenye chuo kimoja cha binafsi, na Fatiha ikasomwa. Miaka mitatu alisoma mifupa na mishipa akiwa mkubwa kuliko wote darasani. Mara ya kwanza alipoona damu nyingi alizimia, wakammwagia maji. Mara ya pili alikaa kitini. Mara ya tatu alisimama. Kwa mshangao wake mwenyewe akaja kuwa muuguzi mzuri sana, wa aina ambayo wagonjwa huwataja kwa jina.

Akahitimu. Serikali ikawa imesimamisha ajira.

Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo lililouma. Hospitali haikufungwa, mzee alisema kweli. Ilikuwa wazi usiku na mchana, wagonjwa wawili kitanda kimoja, nesi mmoja kwa watu arobaini, ila nafasi ya kazi hakuna. Wajdi alipewa mkataba wa miezi mitatu, halafu mwingine wa miezi mitatu, na mshahara ukichelewa mpaka mtu anausahau. Kila Ijumaa Mzee Hamadi alimwambia, "Subiri, watafungua ajira." Na yeye akijibu, "Nasubiri, ami."

Kumbe hakuwa anasubiri tu. Wenzake wa darasani karibu wote walikuwa wanakwenda Ujerumani, na Wajdi alianza kuwafuata kwenye darasa la Kijerumani, jioni tatu kwa wiki. Kwa Shiraz alisema amepangiwa zamu za jioni. Alijiambia kwamba atamweleza akishafaulu, kwa sababu asipofaulu atakuwa amemtia huzuni bure. Wanaume wapole wengi hudanganya hivyo.

Kwetu mwanamume aliyechumbia ana deni la sikukuu. Kila sikukuu humpelekea mchumba wake zawadi, na watu wa nyumbani kwa msichana humwandalia bakuli. Maulidi ile Shiraz alikoroga asida ya mbegu za msonobari tangu alfajiri, nyeusi, nzito, akaimwagia krimu nyeupe juu. Kwa lozi na pistachio akachora darubini ya miguu mitatu. Mbegu zilikuwa ghali kama kitu cha anasa, na sukari alikuwa ameipangia foleni siku tatu. Akangoja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, Wajdi hakuonekana, na simu yake ilikuwa imezimwa.

"Yuko zamu," akamwambia mama yake. "Mtu wa zamu haleti zawadi, anapelekewa."

Akavaa gauni jipya la bluu, akajipaka wanja, akabeba bakuli kwa mikono miwili mpaka hospitali. Mlangoni mwa wodi alimkuta Hajer, muuguzi mwenzake Wajdi, akisukuma kitoroli cha dawa.

"Shiraz? Wajdi leo hana zamu. Si ndiyo siku ya mtihani wao?"

"Mtihani gani?"

Hajer akaona alichokifanya, lakini maneno yalikwisha kutoka. "Wa Kijerumani. Nilidhani unajua. Wote wanajua."

Shiraz akaweka bakuli juu ya kitoroli. "Wape wagonjwa," akasema, akaondoka.

Wajdi alipiga simu jua linapotua.

"Uzi wangu, nilikuwa..."

"Ulikuwa unafanya mtihani. Umefaulu?"

"Nadhani nimefaulu."

"Hongera. Ungeniambia lini? Ukiwa kwenye ndege, au ungenitumia picha ya theluji?"

"Nilitaka kwanza niwe na kitu mkononi. Sikutaka kukupa tumaini la bure."

"Tumaini la nani, Wajdi? Mimi ndiye ningeachwa, na wewe unaniambia ni tumaini langu. Mpaka yule msukuma kitoroli anajua, mimi nakoroga asida."

"Shiraz, hapa nitasubiri mpaka lini? Nina miaka thelathini na moja."

"Sikukukataza kwenda. Ulinikataza kujua."

Akakata simu. Pengine yangeishia hapo, wangenuniana wiki moja wakarudiana, kama Wajdi asingefanya kosa moja. Kesho yake Wajdi alilichukua bakuli hospitalini. Wagonjwa walikuwa wamekula na kulilamba, na Hajer alikuwa ameliosha. Akakimbia nalo mpaka Jebel Jelloud, kichwa kimejaa maneno ya kuomba radhi. Shiraz hakutoka. Akamkabidhi Mama Mbarka bakuli mlangoni, akasimama kidogo, akaondoka.

Mama Mbarka alilitazama lile bakuli ndani. Lilikuwa safi na tupu. Kwetu bakuli la sikukuu harudishiwi mtu tupu. Hata maskini hutia tende tatu au kijiko cha sukari, na anayelirudisha tupu anasema uhusiano umekwisha. Mama akaingia, akaliweka mezani mbele ya binti yake bila kusema neno, na Shiraz akaelewa kama ambavyo mwanamke yeyote wa mtaa ule angeelewa. Akaizima simu, akalia mpaka macho yakavimba, akarudi kwenye matarizi. Wiki saba hakupokea simu ya Wajdi.

Mwishoni mwa Novemba Mzee Hamadi alipanda kiti Ijumaa asubuhi kuitia saa ufunguo, akaanguka. Walidhani ni kizunguzungu. Kumbe ni kiharusi, upande wote wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umefunga. Walimpeleka kwa gari la jirani. Wodini hapakuwa na shuka, Mama Mbarka akavua sefsari yake, shuka jeupe la kujitanda, akamtandikia. Shiraz alikuwa amesimama na mfuko wa dawa alizoambiwa akanunue nje, hajui ampe nani, ndipo mtu mrefu aliyevaa sare ya kijani akainama kuingia mlangoni.

Walitazamana. Wajdi akauchukua ule mfuko mkononi mwake. "Amekula saa ngapi mara ya mwisho?" akauliza, na Shiraz akajibu, na kwa nusu saa nzima waliongea habari za dawa na mkojo na presha, hakuna kingine.

Alipomaliza kumweka mzee vizuri wakatoka kwenye korido.

"Ulirudisha bakuli tupu," Shiraz akasema.

"Bakuli gani?"

"Wajdi. Bakuli la Maulidi."

Akafikiri, kisha, nikuambie kweli, yule kijana akajishika kichwa. "Ya Rabi. Ndiyo maana?" Akakaa chini kwenye korido, magoti juu. "Mama hakupika mwaka huu, sukari haikupatikana. Sikuwa na kitu cha kutia, Shiraz. Mshahara ulikuwa haujatoka tangu Agosti. Nilichukua bakuli nikakimbia, sikukumbuka hata kulitazama ndani."

"Hata tende moja?"

"Hata moja."

Shiraz alitaka kukasirika, hasira ikamkatalia. Akakaa naye sakafuni na gauni lake, akaegemeza kichwa begani kwake. "Wiki saba, Mita. Nimekuzika mara saba."

"Nisamehe."

"Nyamaza. Baba yangu atapona?"

Wajdi alikuwa amejifunza kutodanganya wagonjwa, na sasa alijifunza kutomdanganya yeye. "Hatatembea. Maneno huenda yakarudi machache. Zaidi ya hapo ni kutunzwa."

Mzee alikaa wodini siku kumi na sita, halafu kitanda kikatakiwa. Siku za mwisho Wajdi alimfundisha Shiraz kazi. Alimfundisha saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri dirishani.

"Kila baada ya saa mbili unamgeuza. Saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, usiku na mchana. Akilala upande mmoja kupita hapo, nyama inakufa, kidonda kinaingia, na kidonda ndicho kinachowaua hawa, si kiharusi. Tazama. Kunja goti lake. Mkono mmoja begani, mmoja kwenye nyonga. Usimvute kwa mgongo wako, utaumia. Egemea nyuma, uzito wako ufanye kazi."

"Hivi?"

"Polepole. Mwambie kabla hujamgusa. Yeye si gunia."

"Baba, nakugeuza."

"Mto nyuma ya mgongo, mto kati ya magoti. Sasa kagua kisigino na kiuno. Ukiona pekundu, bonyeza kwa kidole. Pakigeuka peupe halafu rangi ikarudi, sawa. Pakibonyezwa pakabaki pekundu, nipigie simu hapohapo."

Mzee alikuwa anawatazama, jicho moja limelegea. Kabla hawajatoka, Shiraz akamwambia Wajdi kwa sauti ya chini, "Daktari alimwambia mama kwamba watu kama baba hawamalizi mwaka."

"Wanaotunzwa vibaya hawamalizi."

"Na wanaotunzwa vizuri?"

"Miaka mitano. Wengine kumi."

Wote wawili waliifanya hesabu. Mkataba wa Wajdi ulikuwa unakwisha Desemba, na safari hii walishamwambia hautaongezwa. Barua ya kazi kutoka Kassel, Ujerumani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ilikuwa mfukoni mwake tangu wiki iliyopita. Kaka yake Shiraz yuko Italia bila karatasi, hawezi kurudi. Mama Mbarka ana magoti mabovu, hawezi kumgeuza mtu mzima. Na dawa na nepi za mzee zilihitaji mshahara, ambao Shiraz hangeupata kwa kutarizi, maana siku hizi watu wanaoa kwa nguo za kuazima.

"Basi nifundishe vizuri," Shiraz akasema.

"Sitakwenda."

"Utakwenda. Ukibaki tutakuwa watu wanne wenye njaa chumba kimoja. Nenda, Wajdi. Nakutuma mimi, ili usije ukasema ulinitoroka."

"Na wewe?"

"Mimi nitakufuata." Akasita. "Nitakufuata baba..." Akanyamaza, kwa sababu sentensi ile ilikuwa na mwisho mmoja tu, na hakuna mtoto anayeweza kuutamka. Kila siku atakayomtunza baba yake vizuri ataongeza siku ya kutengana na Wajdi. Alilijua hilo akiwa ameshika mto mkononi.

Walifunga ndoa Januari, manispaa ileile, siku tatu kabla ya safari. Foleni ilikuwa imefika barazani. Shiraz alikuwa ametarizi nguo za maharusi zaidi ya mia, na siku yake alivaa koti la kijani na skafu nyeupe aliyoitia ua moja la dhahabu pembeni asubuhi hiyohiyo, wakati mzee alipokuwa amelala ubavu wa kushoto. Karani aliwatambua.

"Mzee wenu yuko wapi? Mwaka huu atakuja kuthibitisha?"

"Yu hai," Shiraz akasema. "Hawezi kusimama tu."

Mama Mbarka akapiga kigelegele. Kilitoka vizuri mwanzo, katikati kikakwama. Mwanamke mmoja kwenye foleni, asiyewajua, akakipokea akakimalizia. Ilikuwa saa tano na nusu. Ilibidi wakimbie nyumbani, saa sita mzee alitakiwa kugeuzwa, na wakamgeuza pamoja, bibi arusi begani na bwana arusi nyongani.

Siku ya kuondoka Shiraz alimpa lile bakuli. Lilijaa bisisa, unga wa kukaanga uliochanganywa na mafuta ya zeituni.

"Hili usinitumie kwa mtu," akasema. "Lirudishe mwenyewe."

"Likiwa na nini ndani?"

"Hata tupu. Ilimradi limebebwa na wewe."

Wajdi akambusu kwenye paji, kisha kwenye viganja, akaingia chumba cha wageni, ambako mzee alikuwa amelazwa chini ya saa yake. Mzee Hamadi alimshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, uliokuwa bado mzima, akatingisha mdomo. Tangu Novemba alikuwa na neno moja tu lililorudi, nalo lilikuwa "hapana". Alilitumia kwa njaa, kwa maji, kwa maumivu, kwa kila kitu. Sasa akalisema mara nyingi, hapana, hapana, hapana, macho yakimtiririka, hakuuachia ule mkono. Mimi naamini alikuwa anakumbuka maneno yake mwenyewe chini ya saa ile. Wajdi akainama. "Ulinishauri vizuri, ami. Angalia, nimepata kazi."

Kassel alipangiwa wazee kumi na mmoja. Mmoja wao, Bwana Dressler, mwokaji mikate wa zamani, naye alikuwa na kiharusi cha kulia. Januari, Februari, saa za kule na za kwetu ni moja. Saa nane mchana Wajdi alikuwa akibandika kidude cha simu sikioni na kumpigia mkewe.

"Umemgeuza?"

"Namgeuza. Na wako?"

"Ndiyo nakunja goti. Tayari?"

"Tayari. Baba, nakugeuza."

Na kule alisema maneno hayohayo kwa Kijerumani, na wote wawili wakaegemea nyuma, mikono begani na nyongani, Wajdi kwa mzee wa watu na Shiraz kwa baba yake. Halafu wakati wa kupanga mito walipata dakika nne za mapenzi.

"Umekula nini, roho yangu?"

"Viazi. Hapa kila kitu ni viazi, Uzi. Hata supu wanaitia viazi."

"Na umenenepa?"

"Njoo upime."

"Mpima ni wewe."

Kisigino cha mzee kilikuwa safi, kiuno kilikuwa safi. Daktari wa zahanati alipokuja alimsifu Shiraz, akasema hajaona mgonjwa aliyetunzwa namna ile mtaani. Shiraz akashukuru, akaingia jikoni, akafungua bomba ili mama yake asimsikie. Alimpenda baba yake kwa moyo wote na alimtaka mume wake kwa moyo wote, na hakuna aliyeweza kumwonyesha mlango wa kupita.

Jumapili ya mwisho ya Machi simu iliita saa saba. Shiraz alikuwa bado anaosha vyombo.

"Umemgeuza?"

"Saa moja iliyopita. Mbona umewahi?"

"Sijawahi. Hapa ni saa nane. Wamesogeza saa mbele, Shiraz. Nilisahau kukuambia. Ni mpaka Oktoba."

"Basi nipigie ikifika saa nane ya huku kwangu."

"Hapa itakuwa saa tisa. Saa tisa naandika ripoti, msimamizi amesimama mlangoni. Ni hii saa tu ndiyo niko peke yangu na Bwana Dressler."

Walikuwa wamenyang'anywa vitu vingi, nchi nzima, bahari katikati, na hawakulia. Ile saa moja ndiyo iliyowashinda. Shiraz alisikia mumewe akivuta pumzi, halafu kitanda kikilia kule, halafu yale maneno ya Kijerumani, peke yake.

Alipokata simu akakausha mikono, akaingia chumbani kwa baba yake, akavuta kiti chini ya saa ya reli, ambayo tangu Novemba aliitia ufunguo kwa siri kila Ijumaa mzee akiwa amelala. Mama Mbarka akasimama mlangoni.

"Usiiguse hiyo, baba yako anaona."

"Ndiyo, anaona." Akapanda, akafungua kioo, akausukuma mshale mrefu mzunguko mmoja mzima mbele. "Huko jikoni endeleeni na Tunis, mama. Humu ndani sasa ni saa za Wajdi."

Mzee Hamadi aliitazama saa yake. Miaka yote hakuiruhusu ikosee hata dakika moja, na sasa ilikosea saa nzima mbele ya macho yake. Shiraz akashuka, akangoja lile neno. Mzee alimtazama yeye, akaitazama saa tena, hakusema hapana.

Kesho yake saa nane ya mle chumbani simu ikaita, na barazani kwa jirani redio ilikuwa inasoma habari za saa saba.

"Umemgeuza?"

"Namgeuza," Shiraz akasema, akaweka mkono begani kwa baba yake. "Baba, nakugeuza."

Na mzee, kabla hajaguswa, akakunja mwenyewe goti lake la kushoto, polepole, kadiri alivyoweza, ili kazi iwe nyepesi.